OT si ovataimu: tiba kwa vitendo ni nini, na mzazi wa Dodoma aitafute vipi

Shemeji yangu alitoka hospitali amekunja uso. Kwenye karatasi ya rufaa ya mwanawe daktari alikuwa ameandika herufi mbili, OT, na mbele yake mchoro wa kalamu usiosomeka. "Yaani niwalipe na ovataimu yao?" Mdogo wangu, mama wa mtoto, hakucheka. Yeye aliwahi kusikia chumba cha upasuaji kikiitwa hivyohivyo, OT, akaamini mwanawe anakwenda kupasuliwa kichwa. Ile karatasi ilikaa wiki sita nyumbani kwao Nkuhungu, imechomekwa nyuma ya picha ya harusi, hakuna aliyetaka kuigusa.

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba. Anakaa ukimwegemeza, hasimami, na kijiko ukimpa anakipiga kofi kinaruka.

Tangu hapo, kila nikisimulia kisa hiki, iwe kwenye foleni ya kliniki au saluni, hakosi mtu mwenye karatasi kama ile. Mmoja alidhani ni kipimo. Mwingine aliipeleka duka la dawa akaomba auziwe. Mimi si daktari, ni mama mkubwa wa mtoto huyo tu, lakini miaka miwili ya kuzunguka naye imenionyesha kuwa sehemu kubwa ya shida yetu ni maneno. Hujui jina la unachokitafuta, basi hata ukifika mlangoni pake unapita.

Kazi ya mtoto wa miaka miwili

OT ni kifupi cha jina la Kiingereza, occupational therapy. Kwenye Kiswahili cha serikalini mtaalamu wake anaitwa mtoa tiba kwa vitendo, na huduma yenyewe ni tiba kwa vitendo. Wengine husema tiba kazi, na hilo ndilo linalochanganya zaidi, maana mtu anauliza: mtoto mdogo hivi ana kazi gani?

Anayo. Kucheza ni kazi. Kula, kushika kikombe, kuvua kaptura, kukaa mkekani na wenzake bila kudondoka, baadaye kushika penseli darasani. Kazi hapa ni shughuli yoyote inayoijaza siku ya mtu, na tiba hii humsaidia mtu aiweze shughuli yake kwa kuifanya. Mtu mzima aliyepigwa na kiharusi naye hupelekwa kwa mtaalamu huyohuyo ajifunze upya kufunga vifungo vya shati.

Fani hii mizizi yake ya mwanzo iko kwenye hospitali za magonjwa ya akili, ambako wagonjwa walipewa bustani, ufumaji na useremala kuwa sehemu ya matibabu. Hilo kwa wakazi wa Dodoma lina uzito wake. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapa tangu 1927, na jina lake limekuwa utani wa mtaani. Ukikosea kuhesabu chenji unaambiwa wewe ni wa Mirembe. Nimemwona mzazi akiikunja karatasi ya rufaa mara nne kwa hofu hiyo. Kuandikiwa mtoto tiba kwa vitendo hakusemi lolote kuhusu akili yake. (Na hata kama ingesema, sioni aibu iko wapi, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.)

Sasa, mbona wengi wakiomba tiba kwa vitendo wanaishia kwenye "mazoezi"? Kwa sababu kuna wataalamu watatu wanaofanana machoni petu. Chukulia mtoto amesimama kando ya ndoo ya maji anataka kunywa. Mfiziotherapia, yule wa mazoezi ya viungo, anaangalia miguu, nyonga na mgongo: anasimamaje, misuli imekaza au imelegea, akiinama atarudi juu? Mtoa tiba kwa vitendo anaangalia kata: ameishikaje, mkono mwingine unafanya nini, maji yanafika mdomoni au yanaishia kifuani, na kwa nini analia yakimgusa? Mtaalamu wa matamshi na lugha anaangalia mdomo: ameombaje maji, na akimeza anapaliwa? Ndoo ni moja na mtoto ni mmoja. Hospitali nyingi huwaweka pamoja kwenye kitengo kiitwacho utengamao, na pale mtaalamu mmoja anapokosekana, mwenzake hubeba sehemu ya mzigo wake. Kwa hiyo ukipokelewa na mfiziotherapia usiondoke kwa hasira. Mweleze shida ya mikono na kula, kisha uliza kama kuna mtoa tiba kwa vitendo na siku zake ni zipi.

Kuchelewa na mvua za Dodoma

Neno la pili linalotupoteza ni "kuchelewa". Bibi anasema mtoto hajachelewa, atatembea tu, hata baba yake alichelewa. Nesi anasema amechelewa. Nani yuko sahihi?

Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Tunaitarajia kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba. Tarehe mosi Desemba ikipita bila tone hakuna mkulima wa Chamwino anayepiga yowe. Lakini ukifika Februari na uwele haujaota, hakuna anayekwambia "subiri, hata mwaka ule ilichelewa". Hatua za mtoto ziko hivyohivyo. Hazina tarehe, zina dirisha, na dirisha nalo hufungwa.

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi kadhaa na kutoa vipimo vya madirisha hayo mwaka 2006. Kukaa bila kuegemezwa: karibu miezi 4 hadi 9. Kutembea peke yake: karibu miezi 8 hadi 17 na nusu. Tazama upana huo. Mtoto wa jirani aliyetembea na miezi 9 na wa kwako aliyetembea na miezi 16 wote wamo ndani ya msimu. Na kwenye kutambaa kuna jambo litakalowatuliza wengi: kama watoto 4 katika 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, wakaruka hatua hiyo na kutembea. Kwa aliyezaliwa njiti, umri huhesabiwa toka tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, mpaka afike miaka miwili hivi.

Mtoto wetu wa miezi 19 dirisha lilikuwa limefungwa. Bibi alikuwa anasubiri mvua mwezi Februari.

Zipo dalili zisizosubiri hata dirisha. Mtoto aliyekuwa na neno au ujuzi fulani kisha akaupoteza, huyo ni wa kupelekwa wiki hiyohiyo. Mtoto asiyeshtuka kwa kelele. Anayekakamaa kama ubao ukimbeba, au anayelegea kama nguo iliyolowa. Na ile wanayoisifia watu wakidhani ni kipaji: mtoto ambaye kabla ya mwaka mmoja tayari ni "mashoto", au anatumia wa kulia tu na mwingine ameukunja ngumi. Watoto wachanga hutumia mikono yote miwili. Kuuchagua mmoja mapema mno ni ishara kwamba huo mwingine una shida.

Halafu kuna udumavu, tunaousikia kila siku redioni. Udumavu ni kimo kidogo kuliko umri, na utafiti wa kitaifa wa 2022 uliukuta kwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano. Unaweza kuandamana na kuchelewa hatua, lakini si kitu kimoja. Mtoto wetu alikuwa mnene, mashavu tele, kwenye mizani ya kliniki anasifiwa. Uzito wake mzuri ndio uliotuchelewesha. Kila mwezi walimpima kilo, kidole kikateleza kwenye mstari wa kijani wa kadi, tukarudi nyumbani. Siku unapokwenda kliniki, usisubiri kuulizwa. Sema mwenyewe: "Nesi, huyu hasimami na hashiki kijiko."

Jambo jingine: "kuchelewa" si jina la ugonjwa. Ukiambiwa basi limechelewa hujaambiwa kama ni pancha, njia au dereva. Nyuma ya kuchelewa kunaweza kuwa na mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliojeruhiwa ukiwa bado unakua ukashindwa kuongoza misuli vizuri, na ambao hauna maana kwamba mtoto hana akili. Kunaweza kuwa na usonji. Kunaweza kuwa na masikio yasiyosikia, tezi ya shingoni isiyofanya kazi, kifafa, maji kichwani, au mabaki ya homa ya uti wa mgongo, malaria kali au umanjano mkali wa siku za kwanza. Baadhi ya haya yana dawa au upasuaji, na yanataka haraka. Kwa hiyo daktari wa watoto haepukiki, na masikio na macho yapimwe mapema kabla ya kumwita mtoto mkaidi.

Lakini tiba kwa vitendo haingoji jina lipatikane. Hili ningelijua ningeokoa miezi. Tulikuwa tunadhani lazima kwanza vipimo vyote vikamilike, ndipo tiba ianze. Mtaalamu yeye anaanzia kwenye anachoshindwa mtoto leo.

Kijiko na ndala

Siku ya kwanza tuliingia tukitarajia mashine. Hakukuwa na mashine. Kulikuwa na mkeka, kioo ukutani, mipira, na beseni la maharage. Kijana aliyetupokea hakumgusa mtoto kwa karibu nusu saa. Alimwambia mdogo wangu, "Mama, nisimulie siku yake ya jana, toka alipoamka." Mdogo wangu akaanza na habari za uzazi, kijana akamrudisha taratibu: "Hapana mama, jana. Alipoamka ulimvalishaje? Alikula akiwa wapi?"

Akiwa wapi? Mapajani, kichwa kimeegemea nyuma kwenye mkono wa mama, uji unamiminwa. Kijana akatuambia tujaribu wenyewe: tazameni dari, mezeni mate. Tulijaribu. Ni kazi.

Akamweka mtoto kwenye kiti kidogo chenye mgongo na mikono, nyayo zikagusa ubao, magoti yamekunjwa sawasawa, nyonga zimerudi nyuma kabisa, mbele yake kimeza. Akasema mikono haifanyi kazi juu ya mwili usiotulia. Hilo nalielewa kwa namna yangu: jaribu kutunga uzi kwenye sindano ukiwa umepakiwa kwenye bodaboda barabara ya vumbi ya Mkonze. Mkono si mbovu, ni kiti. Mtoto wetu alikuwa kwenye bodaboda hiyo maisha yake yote.

Kisha kijiko. Mpini wa kijiko cha kawaida ni mwembamba, na vidole vyake vilikuwa havijui kubana. Kijana akatoa kipande cha ndala kuukuu, kinene kama kidole gumba, kimetobolewa katikati. Akapitisha mpini ndani yake. Mtoto akakishika kwa kiganja kizima, kama mtu anavyoshika mchi. Mkono wa kijana ukaja juu ya mkono wake, wakachota pamoja, wakaenda pamoja mpaka karibu na mdomo, na hapo, pakiwa pamebaki upana wa vidole viwili, kijana akaachia. Mtoto akamalizia mwenyewe. Uji ukafika.

Shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono mfukoni, akaitoa.

Kuna ufundi pale ambao mtu anaweza kuuona kama mchezo. Shughuli inakatwa vipande, na mtoto anapewa kile cha mwisho kwanza. Kuvaa kaptura: mama anaivuta mpaka magotini, mtoto anamalizia kiunoni. Akishaiweza, unaishia chini ya magoti. Baadaye unamwachia toka kwenye vifundo. Kila mara yeye ndiye anayemaliza, kwa hiyo kila mara anaonja kushinda. Sisi nyumbani hufanya kinyume: tunamwambia aanze, akishindwa tunampokonya na kumalizia, naye anajifunza kwamba nguo ni jambo la kuliliwa.

Kabla hatujaondoka kijana alituchorea kiti cha kutengeneza. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa mbao. Kuna pia njia ya makaratasi: maboksi na magazeti yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya uji wa unga, yakikauka ni magumu kama mbao na mtu mzima anaweza kukalia. Mpaka kiti kiwe tayari, kona ya ukuta inatosha, na tofali lililozungushiwa kanga chini ya miguu.

Akatupangia turudi baada ya wiki mbili. Mdogo wangu akalalamika kwamba wiki mbili ni nyingi mno, mtoto atapona lini? Hesabu yake ni hii: wiki ina saa 168. Hata ukienda kila wiki kwa saa nzima, saa 167 ziko nyumbani kwako. Mtaalamu hamtibu mtoto katika ile saa moja. Anakufundisha wewe cha kufanya mtoto anapokula, anapooga na anapovaa, mambo ambayo ungeyafanya hata hivyo. Ukikutana na kituo kinachokutoa nje, kinamfanyisha mtoto mambo mlango umefungwa, kinakurudishia mtoto na risiti, uliza. Una haki ya kuona.

Shimo la bibi

Mama yetu alitoka Mpwapwa akiwa na dawa yake. "Mbukwenyi," akasalimia, akaweka mzigo, akauliza jembe liko wapi. Alitaka kuchimba shimo uani, mtoto afukiwe mpaka kiunoni, asimame humo jua lipande. "Watoto wa zamani tuliwafukia, wakasimama."

Wataalamu vijana wakisikia hilo wengine hukemea. Huyu wetu hakukemea. Alimwambia, "Bibi, wazo lako tunalitumia hata sisi," akamwonyesha fremu ya kusimamia: ubao wima wenye mikanda, mtoto anafungwa humo asimame kwa muda. Kusimama kuna faida kwa nyonga na mifupa, hilo bibi aliliona kabla ya vitabu. Kasoro ya shimo ni kwamba halijui nyonga imekaaje, halirekebishi mguu uliopinda, mchanga unachubua ngozi, na mtoto hana mikono huru wala cha kufanya ila kulia. Na tena tatizo la mtoto huyu halikuwa miguuni. Ujumbe toka kwenye ubongo ulikuwa unafika umekatikakatika, kama simu ukiwa bondeni. Kuifukia simu hakuleti mtandao.

Mengine yanapita haraka. Ile woka ya magurudumu, inayouzwa kama zawadi ya mtoto wa miezi sita, haiharakishi kutembea; inaangusha watoto ngazini na motoni, na Canada iliipiga marufuku mwaka 2004. Kukanda kwa mafuta kunapendeza na kunaleta ukaribu, endeleeni, ila misuli haifundishwi kijiko kwa kukandwa. Sindano za vitamini "za mishipa" hazimfundishi mtoto kukaa. Kumkata kijinyama chini ya ulimi kwa wembe ili aongee ni kuhatarisha damu yake kwa tatizo ambalo mara nyingi haliko kwenye ulimi.

Na kurogwa? Sitabishana na mtu kuhusu imani yake. Nitasema tu nilichokiona: familia inayotafuta mchawi hutumia mwaka mzima na fedha zote kumtafuta, na mama ndiye hushukiwa wa kwanza. Mdogo wangu aliulizwa mbele ya watu alikula nini akiwa na mimba. Mtoto alizaliwa baada ya uchungu wa muda mrefu, hakulia haraka, alikosa hewa. Hakuna chakula kinachofanya hivyo.

Milango ya kubisha

Anzia ulipo, kwenye zahanati au kliniki ya mtoto, hata kama unajua hawana mtaalamu. Unachotaka pale ni karatasi ya rufaa yenye maneno yanayosomeka. Mwombe aliyekuhudumia aandike kwa kirefu: tiba kwa vitendo, kitengo cha utengamao, na sababu. Ukitoka Bahi, Chemba au Kongwa njia yako inapita hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma pale mjini, ile wengi tunaiita Jenero. Juu yake kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, kule upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Getini usiulize "OT iko wapi", utaoneshwa chumba cha upasuaji. Uliza utengamao.

Piga simu kabla ya kupanda basi. Wataalamu hawa ni wachache. Kwa miaka mingi walikuwa wakisomea mahali pamoja, KCMC Moshi, na nchi nzima ikagawana waliotoka huko. Anaweza kuwapo Jumanne na Alhamisi tu, anaweza kuwa amehamishwa. Mama aliyetoka Kondoa alfajiri na mtoto mgongoni hastahili kuambiwa aje kesho.

Mji wa mbali nao una nafasi yake. KCMC wenyewe, na CCBRT ya Dar es Salaam, ni sehemu zenye uzoefu mrefu na watoto wa namna hii. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, Dar si ile ya kuchosha mtoto kutwa nzima barabarani. Ila ushauri wangu, baada ya kuona watu wakiuza mbuzi kwa safari tatu kisha wakachoka: nenda mbali kwa tathmini na mpango, kisha utafute wa karibu, hata mfiziotherapia wa hospitali ya wilaya, wa kuufuatilia. Safari moja yenye maelekezo yaliyoandikwa ni bora kuliko tano za kupapasa.

Kuhusu fedha, sera ya afya inamsamehe mtoto aliye chini ya miaka mitano malipo kwenye vituo vya serikali. Mambo yakigoma dirishani, hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, na hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kushughulikia msamaha. Wengi hawaijui, wanadhani ustawi wa jamii ni wa kesi za talaka. Mwenye bima aulize mapema kama kifurushi chake kinagusa huduma za utengamao na kwa mara ngapi.

Beba kadi ya kliniki. Beba video fupi kwenye simu: anakula, anacheza, anajaribu kuinuka. Watoto wana tabia ya kulala fofofo au kugoma siku ya daktari. Andika kwenye daftari alikaa lini, alisimama lini, alilia mara alipozaliwa au la. Na chagua shida moja au mbili za kuanza nazo. Ukisema "nataka apone" mtaalamu hana pa kushika. Ukisema "nataka ale bila kupaliwa, na niweze kumwacha akae nikipika", ana pa kuanzia.

Umri ukifika wa shule, tafuta kupitia ofisi ya elimu ya halmashauri shule za msingi zenye kitengo cha elimu maalumu, mapema, kabla ya Januari. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayompa mtoto haki ya elimu na afya kama mwingine. Na ukisikia kwamba baada ya miaka mitano ubongo umeshafungwa, usikubali. Kuanza mapema kunasaidia zaidi, hilo ni kweli. Lakini mtu wa kiharusi anajifunza vifungo akiwa na miaka sitini.

Wa kwetu sasa ana miaka mitatu na miezi saba. Anasimama akishika ukuta, na hatua zake sita za kwanza amezipiga mwezi uliopita kuelekea kwa kuku. Anakula ugali wa uwele na mlenda kwa mkono wake, na mlenda ni mtihani hata kwa wageni wetu wa Dar. Nusu inaishia kwenye kanga ya bibi, ambaye shimo lake aliligeuza la kupandia mpapai. Vijiko anavitengeneza shemeji. Ameshakata ndala tatu, mbili zake na moja yangu niliyoiacha mlangoni kwao, nikarudi nyumbani peku.